Nilimjibu Mama kwa Swali

Nyumbani kwa akina mpenzi wangu niliingia nikiwa mchumba, nikatoka kama mgeni aliyekosea mlango. Nitawaeleza ilivyokuwa, na atakayeona nilistahili, aseme.

Ilikuwa Jumapili, jua limeanza kupungua ukali. Alikuja kunichukua amevaa shati la bluu nililomnunulia mimi, ananukia vizuri hadi nikakaribia kusahau kwamba tangu Ijumaa nilikuwa nimemnunia. Tunafanya kazi ofisi moja. Yeye huandika programu za simu. Mimi ndiye mbunifu wa violesura, maana yake kila unachokiona na kukigusa kwenye skrini kimepita kwangu kwanza: kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, mtu akikosea aambiweje bila kujiona mjinga. Na Ijumaa hiyo huyu bwana mkubwa wangu alikuwa amebadilisha rangi ya kitufe changu bila hata kuniuliza.

"Bado una kisirani?" akaniuliza tukiwa kwenye gari.

"Kitufe cha kuendelea umekifanya kijivu. Kijivu juu ya cheupe, jamani! Nani atakiona?"

"Kimetulia. Bosi amekipenda."

"Bosi ana macho ya kijana na simu ya bei mbaya."

Akacheka kile kicheko chake cha chini chini, akanishika mkono. Nikamwachia. Nilikuwa mwepesi hivyo kwake.

"Basi leo tukijaribu," akasema. "Kwa mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Si ana presha? Kila mwezi anakwenda kliniki, kila mwezi anarudi analalamikia foleni. Programu ya kupanga miadi tunamtengenezea nani kama si yeye? Kesho nawasilisha matokeo ya majaribio, na bado sijapata mtu wa umri wake. Halafu ataiona kazi yako kwa macho yake. Kutwa ananiuliza unafanya nini hasa."

"Mpenzi, leo unanitambulisha rasmi. Leo ndiyo anasema ndiyo au anasema hapana. Hilo ulikumbuke."

"Nalikumbuka. Niamini mimi."

Nikamwamini.

Mama yake ni mwalimu mkuu mstaafu, na kustaafu kwenyewe ni kwa karatasi tu. Sebule yake imenyooka kama darasa kabla ya ukaguzi: vitambaa vyeupe mgongoni mwa viti, vitabu vimepangwa kwa urefu, picha ya walimu wenzake ukutani na yeye kakaa katikati. Aliipokea shikamoo yangu akiwa wima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Wifi yangu, dada yake mpenzi wangu, ambaye ni mwanasheria, alikuwa amejikunja kwenye kochi anapuliza kucha zake zikauke.

"Injinia amefika na mtu wake," wifi akasema. Pale kwao wote wanamwita Injinia, tangu alipokuwa mtoto anafungua redio na kubakiza skrubu.

Chai ikaja, na maswali yakaja nayo.

"Mwanangu ananiambia uko ofisini kwake," mama akaanza.

"Ndiyo, mama. Tuko pamoja."

"Na hiyo kazi yenu ya kuchora simu inasomewa wapi?"

"Hatuchori simu, mama," nikasema nikitabasamu. "Tunapanga yale mtu anayoyaona ndani yake. Wengine wanaisomea chuo kikuu. Wengine wanaingia kwa mlango mwingine, kama mimi. Nilianza saikolojia, baba akaugua, nikaacha mwaka wa kwanza haujaisha. Nikapata kazi ya mapokezi hospitalini."

"Mapokezi," wifi akarudia, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha.

"Mapokezi, wifi. Pale palikuwa na mashine ya kutoa namba za foleni. Watu wakifika wanaibonyeza, wanaipiga makofi, wanaitukana, wanarudi kwangu. Nikaanza kuwatazama. Nikagundua wote wanabonyeza ile picha kubwa juu, na ile picha haifanyi kitu, ni pambo. Nikabandika karatasi, nikachora mshale. Makofi yakaisha. Mganga mkuu akaniuliza nani kafanya. Basi nikaanza kujifunza mwenyewe, rangi, herufi, mpangilio, nachora skrini kwenye karatasi, nawapa watu mapokezi waziguse-guse kama simu ya kweli. Baadaye nikachukua kozi."

"Ya miaka mingapi?" wifi akauliza.

"Miezi sita."

"Miezi sita!" Akamgeukia kaka yake. "Hata anayejifunza kushona anakaa zaidi."

"Kuchora ndiyo sehemu ndogo," nikasema, na sauti yangu mwenyewe niliisikia inajitetea. "Kubwa ni kumtazama mtu anavyohangaika, usimhukumu."

"Mwache," mama akamkataza binti yake, kwa upole. "Si yuko mikononi mwa kaka yako? Atafika."

Niliyachukua maneno yale kama baraka, mie mjinga. Nilifikiri anasema nimepata mume mwema. Wala sikujiuliza kwa nini Injinia aliinuka ghafla kuongeza chai kwenye vikombe vilivyojaa.

"Mama," akasema akiwa amenipa mgongo, "hebu tujaribie hii programu yetu. Upange miadi ya kliniki, basi."

"Nipe," mama akasema, akavaa miwani. Alikuwa na hamu, niseme ukweli. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtoto aliyeitwa ubaoni na jibu analo.

Sasa hapa mnisikilize, maana ndipo paliponiponza. Katika kazi yetu, mtu akijaribu programu, mbunifu hasaidii. Unakaa pembeni, unatazama, unaandika. Akikwama, unamwacha akwame, kwa sababu huko mitaani hutakuwepo kumwonyesha. Akikuuliza swali, unamrudishia swali, ili ujue yeye alitegemea nini. Ni kazi ngumu kuliko kuchora, na inamuumiza anayetazama. Ndiyo maana kabla ya kuanza kuna maneno ambayo sijawahi kuyaruka: kwamba tunaipima programu, hatukupimi wewe, ukikwama kosa ni letu, na nitakaa kimya si kwa ubaya.

Nikatoa daftari na kalamu, nikafungua mdomo. "Mama, kabla hujaanza, naomba nikueleze..."

"Nimeshamweleza kila kitu kwenye simu," Injinia akanikatiza. "Anajua. Tuendelee."

Nikafunga mdomo.

Mama alianza vizuri. Akachagua kliniki, akachagua daktari, akachagua Jumatano. Hapo akasimama. Ili uende mbele lazima ubonyeze kile kitufe, na kile kitufe kilikuwa pale chini, kijivu, kimejifia. Akabonyeza tena Jumatano. Akaibonyeza kwa nguvu. Akasogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akafuta miwani kwa ncha ya nguo. Nikamtupia jicho Injinia. Akaangalia dari.

Wifi akacheka puani. "Mwalimu mkuu kashikwa."

Shingo ya mama ikakaza. Nilimwona, na moyo ukaniuma, kalamu yangu nayo inaandika. Ndipo akanigeukia. Hakumgeukia mwanawe, wala binti yake. Mimi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, karibu ya siri, ya mwanamke kwa mwanamke:

"Binti, sasa nabonyeza wapi?"

Na mimi, kwa mazoea, kwa sauti ileile laini ninayowapa watu wote, nikamjibu:

"Wewe ungetegemea ubonyeze wapi, mama?"

Wifi akaacha kupuliza kucha.

"Unasemaje?"

"Namaanisha, ukiangalia hapo, unaona nini?"

Jamani. Ardhi ingefunguka ningeingia bila kuvua viatu.

Mama aliiweka simu mezani polepole. Akavua miwani. "Nimewatungia watu mitihani hadi nywele zimekuwa nyeupe. Leo naulizwa maswali sebuleni kwangu, mwanangu anatazama, binti yangu anacheka, na mgeni anaandika nilivyoshindwa."

"Mama, hapana, sivyo kabisa..."

"Na anaandika kweli!" wifi akadakia. "Hebu muone na kalamu yake."

"Injinia ndiye anayekufundisha kazi," mama akasema. "Amekuokota mapokezi, amekushika mkono, amekuweka ofisini kwake kama mwanafunzi wake. Nikasema haya, mtoto wa watu, apewe nafasi. Leo unakuja kunifanyia mtihani mimi, mama yake?"

Kuniokota? Nilikuwa kwenye ile ofisi kabla yeye hajajua hata mlango wake uko upande gani. Siku yake ya kwanza mimi ndiye niliyekaa naye, nikamweleza kwa nini mtumiaji haitwi mjinga hata siku moja. Kitengo cha ubunifu nakiongoza mimi. Nikamgeukia. Nikamsubiri aseme neno.

"Nisamehe, mama," Injinia akasema. "Sikujua kama angeanza mambo hayo."

Sikujua! Mama akaingia chumbani kwake, na wifi akamfuata nyuma akinitupia jicho juu ya bega.

Nilimkuta Injinia barazani, au yeye ndiye aliyenivuta huko, sikumbuki vizuri.

"Umewaambia wewe ndiye mwalimu wangu?"

"Punguza sauti."

"Umewaambia uliniokota?"

"Sikusema kuokota. Hilo neno ni lake." Akajipangusa uso. "Ungenielewa kwanza. Mama alikuwa amekataa. Amekataa kabisa. Alisema hawezi kuwaambia walimu wenzake kwamba mkwe wake hana digrii, alikuwa anagawa namba mapokezi. Ningefanya nini? Nikamwambia nakufundisha, kwamba ukimaliza utakuwa mtu."

"Nikimaliza nitakuwa mtu."

"Usinishikie maneno."

"Na leo mimi ni nani basi? Ni nani unayemshika mkono kwenye gari?"

"Mke wangu," akasema mara moja. "Ninayemtaka awe mke wangu. Kwani kosa langu ni lipi, kutafuta njia?"

"Kosa lako ni kusema umemweleza mama na hujamweleza! Ningempa yale maneno, asingeumia. Ulinikatiza kwa sababu ungeona aibu, mwanafunzi anamwelekeza mama na mwalimu amekaa. Sema si hivyo."

Akanisogelea, akanishika mabega, akainamisha kichwa hadi paji lake likagusa langu, kama anavyofanya tukigombana. Mwili wangu, usio na haya, ukatulia.

"Nisikilize," akanong'ona. "Bado inawezekana. Ingia ndani, mwambie ulikosea, mwambie bado unajifunza. Mama ana huruma na mwanafunzi, asichotaka ni kiburi. Neno moja tu, mpenzi. Neno moja, na mwisho wa mwaka tunaoana."

"Na tukishaoana? Nitakuwa najifunza hadi lini?"

"Nani atakayejali tukishaoana? Nakupenda."

Ubaya wake ni kwamba alisema kweli. Nimemtazama mtu huyu ofisini akila, akikasirika, akisinzia juu ya meza, ninamjua. Alinipenda. Na mimi nilimpenda hadi, pale barazani, nikalijaribu lile neno kimoyomoyo. Bado najifunza, mama. Nikaona harusi. Nikaona nyumba yetu, na watoto wake wenye nyusi nene kama zake. Bado najifunza, mama. Lingenigharimu nini?

Nikaingia.

Mama alikuwa amerudi sebuleni, amenawa uso, macho yamevimba kidogo. Nikakaa kwenye kiti cha karibu naye. Injinia akasimama mlangoni, na wifi alibaki kwenye korido akisikiliza.

"Mama," nikasema, "nimekuumiza. Naomba unisamehe. Ilinipasa nikueleze mapema kwamba katika kazi hii simsaidii mtu, na kwamba simpimi yeye. Nilidhani unajua. Aliyefeli leo ni programu. Hebu tazama." Nikaichukua simu, nikamwonyesha. "Kitufe ni hiki hapa chini."

Akavaa miwani. Akainama. "Hiki? Mbona kama kimezimwa?"

"Ndivyo watakavyosema wote."

"Nani aliyekipaka rangi hii?"

Nikairudisha simu mezani. Mlangoni Injinia akainamisha macho. Mama akatutazama mmoja mmoja, bila haraka, halafu akavua miwani tena.

"Na ni kweli," akaniuliza, "kwamba Injinia ndiye anayekufundisha?"

Lile neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu, naapa. Lakini nikageuka nikamwangalia yeye. Nilimwangalia kama ninavyomwangalia asubuhi akiingia ofisini, kwa macho yangu yote, ili ajue kwamba nimeshasamehe, kwamba hata akisema ukweli kwa kigugumizi, hata akisema nusu yake, nitambebea iliyobaki. Sema tu, mpenzi. Sema "si kweli, mama, nilidanganya kwa sababu nampenda". Nilimwomba kwa macho hadi yakaanza kulowa.

Akatabasamu lile tabasamu analompa bosi.

"Ndiyo, mama. Ana kipaji, ila bado ana mengi ya kujifunza."

Nikachukua mkoba wangu.

"Mbona unaondoka? Kaa!" akasema. "Mpenzi, kaa basi!"

"Chai ilikuwa nzuri, mama. Asante," nikasema, na nikatoka.

Nilishafika getini niliposikia kandambili nyuma yangu. Moyo ukaruka. Nikageuka na kicheko cha machozi tayari usoni, nikakuta ni mama. Alikuwa amejifunga kanga begani, anahema.

"Binti, ngoja."

"Mama, rudi ndani, presha yako."

"Presha yangu niachie mimi." Akalishika geti, hakulifungua. "Nimesimamia mitihani maisha yangu yote. Anayenakili namjua kabla hajageuza shingo. Na yule nimemzaa mwenyewe."

Sikuamini masikio yangu. "Kwa hiyo unajua?"

"Nilijua alipokukatiza usinieleze. Sikutaka kujua, lakini nilijua."

"Basi mama, kwa nini usimwambie? Kwa nini umemwachia aseme vile mbele yangu?"

Usoni pake hapakuwa na mwalimu mkuu tena, palikuwa na mtu aliyechoka.

"Ukiwa mke wake atakuwa anajiona mdogo kila akikaa na wewe mezani. Hatakusamehe kwa hilo. Atakuwa anakukatiza maneno hadi mzeeke, mbele ya watoto, mbele ya wageni, na wewe utakuwa unanyamaza kwa sababu unampenda. Baba yake alikuwa hivyo. Nilinyamaza." Akalifungua geti. "Nikikuambia ubaki, nitakuwa nimekutendea ubaya. Na nikimuumbua leo mbele yako, nitampoteza. Mimi sina mwingine wa kiume. Kati yako na yeye nimemchagua yeye. Utanilaumu?"

"Hapana, mama," nikasema, na nilikuwa namlaumu hadi kooni.

"Kazi yako ni nzuri," akasema. "Nenda, mwanangu."

Mwanangu. Tangu nilipofika nililisubiri neno lile litoke kinywani mwake. Kisha geti likafungwa, taratibu, na nikasikia komeo.

Kituo cha basi hakiko mbali na pale. Nikakaa kwenye benchi, nikalia bila kuficha uso, na wapita njia wakafanya hisani ya kutoniona. Simu ikalia kwenye mkoba. Ni yeye. Nikajipangusa vidole kwanza ndipo nikafungua, mnajua tena, mtu hapokei msamaha na mikono iliyolowa.

Ujumbe ulisema: "Mama ametulia. Tutaongea. Nitumie yale uliyoandika kuhusu jaribio, kesho asubuhi nawasilisha."

Niliusoma tena na tena nikitafuta samahani. Niliitafuta hata kati ya maneno. Halafu nikaandika: "Rudi sebuleni, mwambie mama yako unaniomba nini. Ukishamwambia, nitakutumia, na nitarudi kula chakula cha jioni na ninyi."

Nikatuma. Alama ikaonyesha ameusoma.

Basi langu likaja. Kondakta akanikunjia uso, "Dada, unapanda hupandi?" Nikamtikisia kichwa, likaondoka. Likaja jingine, nikaliacha nalo. Nilijua hatajibu, nilijua vizuri kabisa, na bado niliyaacha mabasi yapite hadi benchi lote likabaki langu peke yangu.